Ukanda Mweusi Bafuni

Muuza vigae alipomwona Bwana Ratiba akiingia tena dukani, chupa ya maji ikichungulia kwenye mfuko wa koti, alishusha pumzi kwanza ndipo akakumbuka kusalimia.

“Mzee, umekuja kunilowanishia duka tena?”

“Kidogo tu. Leo nitapangusa mwenyewe.”

Akainama, akalaza kigae sakafuni, akakimiminia maji, akachovya kidole kwenye kikopo cha sabuni alichokuja nacho, akapaka. Kisha akavua kiatu na soksi, akaanza kukisugua kigae kwa kisigino, huku ameshikilia meza ya muuzaji ili asianguke. Mama mmoja aliyekuwa akichagua masinki alisogea pembeni pole pole, kama mtu anayempisha mgonjwa.

“Hiki ni cha namna gani?”

“Hicho ni cha kisasa.”

“Na kile cha pembeni?”

“Kile ni cha kisasa zaidi.”

“Ninachouliza ni kama kinateleza.”

“Mzee, kila kitu kikipakwa sabuni kinateleza. Hata wewe.”

Jina la Bwana Ratiba alilipata chuoni, alikofanya kazi ya kupanga vipindi: nani afundishe nini, saa ngapi, katika chumba kipi, pasipo wahadhiri wawili kugongana kwenye mlango mmoja. Kazi hiyo ilikuwa imemwaminisha kwamba ugomvi wowote duniani una chanzo kimoja, nacho ni mtu fulani ambaye hakupanga mapema. Ilikuwa imemfunza jambo la pili pia, ingawa hili hakupenda kulitamka: kwamba ratiba ikishabandikwa ukutani, hakosi kutokea mtu wa kuuliza mbona chumba hicho hakina viti. Kwa hiyo alikuwa akipanga sana na kujiamini kidogo, mchanganyiko unaomchosha mwenye nao na kuwachosha zaidi wanaoishi naye.

Kilichompeleka kwenye vigae ni mama yake. Mzee wake alipofariki, mama alihamia kwa mwanawe, na bafu la nyumba ile lilikuwa na sakafu nyeupe inayong’aa kama sahani. Asubuhi moja walimkuta amekaa chini, mkono mmoja umeshika ukingo wa ndoo.

“Mama, umeanguka!”

“Nani kaanguka? Nimekaa tu. Nilitaka kuona bafu lenu likoje kwa huku chini.”

Daktari hakuona mfupa uliovunjika, ila paja lilivimba likawa jeusi, na mke wa Bwana Ratiba akasema liwalo na liwe, tangu siku hiyo mama asiingie bafuni peke yake. Yeye mwenyewe atakuwa akimwogesha. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote, kisha akasema, “Mtaniogesha siku moja tu, mkwe wangu. Na siku hiyo sitakuwa na la kusema.”

Hapo ndipo mpatanishi alipoingia kati. Sakafu ing’olewe, akasema Bwana Ratiba, itandikwe vigae visivyoteleza. Mama akiweza kuoga mwenyewe kwenye sakafu mpya bila wasiwasi, basi, hataguswa na mtu. Akishindwa, ataogeshwa, na maneno yaishe. Wote wawili walikubali. Bwana Ratiba alipoondoka kwenye kikao hicho cha jikoni alijiona mtu mwenye busara, hali ambayo kwake ilikuwa nadra, na kama kawaida haikudumu.

Haikudumu kwa sababu kila mwenye mdomo alikuwa na lake kuhusu vigae. Alipoleta sampuli nyumbani na kuzipanga sebuleni, mkewe, mshonaji nguo mwenye jicho kali la rangi, alizitazama kama nguo za mitumba zilizofuliwa vibaya.

“Hizi zote zina rangi ya uji.”

“Ni rangi ya mchanga.”

“Mchanga wa wapi huo? Mimi nataka bafu jeupe.”

“Weupe unaonyesha uchafu.”

“Ndiyo maana nautaka, baba watoto. Uchafu ukionekana unasafishwa. Uchafu wa kwenye uji unaoga nao miaka kumi hujui.”

Binti yao, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alipita juu ya sampuli na kikombe cha chai mkononi, akaenda kumwegemea bibi yake kwenye kochi. “Na wewe mke mwenzangu, unataka vipi? Sema sasa hivi, mwanao asije akatuletea sakafu ya stendi.”

“Mimi?” mama akasema. “Mimi sina neno.”

Yafaa kueleza kwamba katika ukoo ule, “sina neno” ya mama haikuwa jibu moja. Iliweza kuwa ndiyo, iliweza kuwa hapana, na iliweza kuwa subirini mtaona. Maisha yake yote mama hakuwahi kumwambia mtu ana kwa ana kwamba jambo lake halimpendezi. Alilisema kwa mtu wa pili, huyo akalipeleka kwa wa tatu, mpaka likamfikia mhusika likiwa limepoa. Marehemu mumewe alijua kuzitenganisha hizo “sina neno” kwa kusikiliza tu jinsi mkewe alivyotua kikombe mezani. Mwana alirithi saa ya baba, kabati la baba na hata kikohozi cha baba. Sikio hilo hakulirithi.

Basi akaichukua kuwa ni ndiyo. Kigae cha rangi ya mchanga, chenye uso wa kukwaruza kidogo, kikapita, mkewe akiwa ameridhishwa kwa kuahidiwa kwamba kuta zitabaki nyeupe. Zaidi ya hapo Bwana Ratiba akabuni jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Bafu lile lilikuwa jembamba na refu, na choo kilikuwa chumba cha pembeni. Mtu aliingia mlangoni, akatembea sehemu kavu, akafika mwisho kwenye bomba la mvua. Akachora kwenye karatasi ya miraba: pale sehemu kavu inapokwisha na ya maji inapoanza, upite mstari mmoja wa vigae vyeusi, kutoka ukuta hadi ukuta.

“Mama akiufikia ukanda huu,” aliwaeleza, kalamu ikigonga karatasi, “atajua papo hapo: hapa maji yanaanza, nipunguze mwendo.”

“Hongera, baba,” binti akasema, akirusha teke hewani kama wacheza karate. “Hatimaye umepata mkanda mweusi.”

Walicheka wote, mama akiwemo. Na Bwana Ratiba, ambaye ndani yake daima kulikuwa na sauti ndogo ya kuuliza una hakika?, mara hii hakuisikia. Ukanda ule aliupenda. Ulikuwa ni wazo lake, na lilikuwa wazo la upendo, na mtu akiwa na hayo mawili mkononi, nani atamwambia kitu?

Fundi aliyepatikana aliitwa Fundi Kesho, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Alifika siku asiyotarajiwa, akaupokea mchoro, akautazama kwa heshima kama mtu anayetazama picha ya harusi ya watu asiowajua.

“Mchoro mzuri, mzee. Ila mimi huwa naanzia mlangoni.”

“Ukianzia mlangoni, vipande vya kukatwa vitaangukia mwisho, chini ya bomba, na hapo vitaonekana.”

“Na nani? Chini ya bomba kila mtu amefumba macho kwa sabuni.”

“Anzia pale nilipoandika, tafadhali.”

“Sawa. Lakini chumba chako kimepinda, mzee. Mchoro wako haujapinda. Sasa tumwamini nani?”

Bwana Ratiba alikwenda na futi yake mwenyewe, akapima, akapima tena, akakuta kwamba kweli ukuta mmoja unamkimbia mwenzake. Akarudi mezani kuchora upya. Huku nyuma Fundi Kesho, kwa kuwa hakupenda kukaa bure siku aliyoamua kufanya kazi, akabandika mistari kadhaa kuanzia mlangoni. Ikabidi ing’olewe kabla gundi haijashika. Siku iliyofuata hakuja. Siku ya pili alikuja bila pimamaji, akasema jicho lake linatosha; maji yaliyomwagwa kwa majaribio yakakimbilia mlangoni badala ya kwenye tundu lake. “Mwenda pole hajikwai,” fundi alisema, akivibandua vigae tena. Mke wa Bwana Ratiba alikuwa akioga kwa jirani na kurudi na taulo kichwani. Chuoni wahadhiri wawili waligongana mlangoni kwa mara ya kwanza katika enzi yake. Alipigiwa simu akiwa amepiga magoti bafuni, akihakikisha mianya imejazwa sawasawa.

Hatimaye kazi ikaisha. Sakafu ilikuwa imenyooka, haitelezi hata kwa kisigino chenye sabuni, na katikati yake ukanda mweusi umekatiza safi kama mstari wa rula.

Asubuhi ya uzinduzi wote walisimama koridoni. Mama akatoka chumbani kwake, taulo begani, sabuni mkononi, fimbo ikitangulia. Akafika mlangoni. Akasimama. Akainamisha kichwa upande mmoja, akatazama ndani kwa muda ambao kila mmoja aliuhisi kuwa mrefu kupita kiasi.

“Hongera, mwanangu,” akasema. “Mmejitahidi. Sina neno.”

Kisha akageuka. “Nitaoga baadaye.”

Baadaye alimwomba mjukuu wake beseni la maji, akafunga mlango wa chumba chake, akajipangusa humo humo.

Kesho yake kulikuwa na baridi. Kesho kutwa mgongo ulimsumbua. Baada ya hapo alikuwa ameshaoga, eti, kabla hawajaamka, ingawa sakafu mpya ilikuwa kavu kama jangwa. Bwana Ratiba alifikiri labda ni woga, akafunga chuma cha kushikia ukutani. Mama akasema ahsante. Alifikiri labda ni uchovu, akaweka kiti cha plastiki chini ya bomba. Mama akasema Mungu ambariki. Akanunua kizulia kizito cha kukanyagia, rangi ya buluu iliyokolea, akakitandika ndani ya mlango ili miguu ya mama isihisi ubaridi. Tangu siku hiyo mama hakufika tena hata mlangoni; alipita koridoni akiwa ameambaa ukuta wa upande wa pili.

Maji yalimfika shingoni mtu yule mpole. Alikuwa amelumbana na muuza vigae, amelumbana na fundi, ameoga kwa jirani, amegombanisha wahadhiri, na yote hayo yalikuwa kwa ajili ya miguu miwili ambayo sasa haikutaka kukanyaga. Siku moja kifungua kinywa kikiwa mezani, alijisikia akisema, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia mbele ya mama yake, “Lakini mama, unataka nini hasa? Sema! Nikuchimbie bwawa? Nikuletee mto?”

Mkewe aliacha kupaka siagi. Binti akatazama meza.

“Mimi?” mama akasema taratibu. “Mimi sina neno, baba. Nyinyi ndio wenye nyumba.”

Kauli hiyo ilimwingia kama mwiba wa samaki, ule usiotoka kwa kumeza tonge. Kazini kutwa alijitetea mbele ya watu ambao hawakumshtaki. Je, alimjengea mama bafu, au alijijengea yeye mwenyewe sababu ya kusifiwa? Na kama alijijengea mwenyewe, mbona hata hizo sifa hazikuja?

Jioni mkewe alifunga hesabu. “Tulikubaliana,” alisema, si kwa ukali. “Sakafu imebadilishwa, mama hawezi kuoga. Kujipangusa na beseni siku zote si usafi, ngozi yake imeanza kuchubuka. Jumatatu nitamwogesha mwenyewe. Nitakuwa mpole, unanijua.”

“Najua.”

“Basi mwambie wewe, ni mama yako.”

Akamwambia. Mama alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Akasikiliza, akasema, “Sina neno,” akakitua kikombe mezani polepole kiasi kwamba hakikutoa sauti yoyote. Safari hii hata sikio la Bwana Ratiba lilisikia. Lakini lilisikia nini? Hakujua, na kutojua huko kulimkera kuliko hasira yenyewe.

Jumapili asubuhi simu ikalia. Ni mdogo wake wa kike, aliyeolewa mji mwingine, mtu ambaye hajawahi kuanza mazungumzo kwa mwanzo wake.

“Shikamoo kaka. Hivi wewe ulisomea nini kule chuo kikuu?”

“Marahaba. Kuna nini?”

“Nauliza tu. Mtu na shahada yake anamchimbia mama mtaro bafuni, haufuniki, halafu anamfokea kwa nini haogi!”

“Mtaro gani?”

“Unaniuliza mimi niliye huku? Mtaro! Wa maji! Kutoka ukuta hadi ukuta. Na juzi mmeongeza na kidimbwi hapo mlangoni. Mama anasema fundi wenu ni mvivu, ameacha kazi nusu, na wewe unamwonea haya kumwambia. Ndiyo maana naye amenyamaza, asikuaibishe mbele ya mkeo. Sasa mimi sina haya, nakwambia. Ufunike!”

Simu ikakatwa. Bwana Ratiba alikwenda bafuni kwa hatua za mtu anayekwenda kuthibitisha kwamba hajarukwa na akili. Akapiga magoti. Akapapasa sakafu kwa kiganja, akatafuta ufa, akatafuta kigae kilichozama, akatafuta hata alama ya unyevu. Kila kitu kilikuwa sawa. Ujinga gani huu? Mtaro upi? Alikuwa bado amepiga magoti, hasira ikimpanda, alipoisikia fimbo ikija koridoni na kusimama.

“Unatafuta nini humo, mwanangu?”

“Natafuta mtaro, mama,” alisema, na kejeli ilikuwa imeshaanza kuchungulia kwenye sauti yake.

“Si huo hapo mbele yako? Angalia, usije ukatumbukia!”

Akageuka. Fimbo ilikuwa imenyooshwa kutoka mlangoni, na ncha yake ilielekea moja kwa moja kwenye ukanda mweusi.

Alifungua kinywa. Neno lilikuwa tayari ulimini: mama, hii ni rangi tu. Lakini kabla halijatoka aliona mkono wa pili wa mama. Ulikuwa umenyooshwa mbele, vidole vimetanuka, tayari kumdaka mtoto wake asianguke. Na macho yaliyojaa wasiwasi hayakuwa yakimtazama usoni. Yalitazama mahali patupu, pembeni kidogo ya sikio lake.

Yakamjia yote kwa pamoja, kwa fujo, bila ratiba. Mama humwita mjukuu kwa jina la mkwe mpaka mjukuu aongee. Mama humimina chai huku kidole kimeingia ndani ya ukingo wa kikombe. Mama alianguka kwenye sakafu nyeupe, kando ya ndoo nyeupe, chini ya ukuta mweupe. Naye, mpangaji mkuu, alikuwa amevijaribu vigae kwa maji na sabuni na kisigino chake mwenyewe. Alikuwa ameuliza kila swali ambalo sakafu inaweza kujibu.

Aliinuka na kufunga kinywa, kwa maana sasa palikuwa na jambo la kuamua na hapakuwa na muda. Akisema ni rangi tu, mama atajua kwamba amegunduliwa. Nyumba nzima itajua. Leo atashikwa mkono kwenda kuoga, kesho kwenda mezani, na hatakuwa na la kubishana nao. Asiposema, atakuwa anaificha hatari aliyoiona kwa macho yake mwenyewe, ambayo yalikuwa mazima. Lipi lilikuwa sawa? Hakuwa na hakika, na hata leo ukimuuliza ataanza sentensi tatu bila kumaliza hata moja.

“Kweli, mama,” akasema. “Fundi hajamaliza.”

“Nilijua!” Mama alishusha mkono na pumzi kwa pamoja, na katika pumzi hiyo mlikuwa na uchovu wa mtu aliyevumilia wajinga kwa muda mrefu. “Nikasema niwape nafasi. Lakini mwanangu, nafasi gani hii? Mtaro wazi, mnaweka na kiti ng’ambo yake, kama mnanitega! Mkeo naye hasemi kitu. Nikajiuliza, watu hawa wanaishije?”

“Tumekosea, mama. Utafunikwa.”

“Na hicho kidimbwi cha mlangoni?”

Bwana Ratiba aliinama, akakikunja kizulia cha buluu, akakiweka kwapani. “Nimekikausha.”

Mama alitikisa kichwa, kama anayesema kumbe inawezekana, akaenda zake.

Alimwambia mkewe ukweli wote, jikoni, kwa sauti ya chini. Mkewe alikiweka kisu chini, kando ya kitunguu. Kisha akasema, “Basi Jumatatu naifuta. Siwezi kumwogesha mtu kwa nguvu kwa sababu wewe ulimchorea shimo.” Na akakirudia kitunguu: “Lakini macho yapimwe. Hilo sitanyamaza.”

“Hatakubali.”

“Wewe si mpangaji? Panga.”

Alipanga. Alimwendea mama akamwambia kwamba siku hizi maandishi yanamsumbua, anataka kwenda kupimwa macho, ila anaogopa kwenda peke yake. Je, mama angemsindikiza? Mama alimsikiliza kwa huruma.

“Nitakwenda, baba. Na ni vizuri umesema mwenyewe. Nilikwisha kuona zamani kwamba macho yako yana kasoro. Mtu mwenye macho mazima hawezi kukaa na mtaro ndani.”

Fundi Kesho alifika mapema kupita siku zote, pengine kwa sababu alidhani anakuja kulipwa sifa.

“Mzee, ukanda huu ndio ule ulionigombezea! Una kasoro gani?”

“Ni mtaro.”

Fundi alimtazama. Akautazama ukanda. Akamtazama tena, akaona kwamba uso ule hautaki maswali, akachukua nyundo na patasi. “Sawa, mzee. Nafunika mtaro. Mimi hufanya anachotaka mwenye nyumba.”

Dukani nako hakukukosa la kumkera. Vigae vya rangi ile vilikuwa vimekwisha.

“Mzigo mpya huu hapa,” muuzaji akasema. “Ni ndugu yake kabisa.”

“Ndugu wa mbali,” Bwana Ratiba alijibu, akivishika vyote viwili mbele ya dirisha. Hiki kipya kilikuwa na wekundu fulani, kama mchanga ulioona aibu. Alivichukua. Mkewe alipoona mstari uliobandikwa alitazama pembeni kwa upole, na huo upole ulimuuma kuliko dhihaka. Kwake yeye sakafu ile, iliyokuwa imenyooka kama ratiba ya muhula wa kwanza, sasa ilikuwa na kiraka ambacho atakiona kila atakapopiga mswaki maisha yake yote.

Gundi ilipokauka, mama alitoka na taulo lake begani. Hapakuwa na uzinduzi. Binti alijifanya anasoma, mkewe alijifanya anafagia. Mama alisimama mlangoni, akainamisha kichwa upande mmoja, akatanguliza fimbo, akaingia. Walisikia ncha ya fimbo ikigonga, gonga, gonga, bila kusita mahali popote, mpaka kwenye kiti. Kisha hatua zikarudi, mlango ukafungwa kwa ndani, komeo likalia. Baada ya kitambo maji yakaanza kumwagika.

Bwana Ratiba alikuwa ameegemea ukuta wa koridoni, mkoba wa kazini mkononi, akisikiliza. Alisikiliza maji, alisikiliza kiti, alisikiliza kama kuna kitu kinaburuzika. Alijiambia kwamba ataondoka sasa hivi. Akajiambia tena.

“We mwanangu!” sauti ya mama ikatoka katikati ya maji. “Upo hapo mlangoni?”

Alifikiri.

“Sipo, mama.”

“Basi kama hupo, nenda kazini. Unachelewa.”